Ukitaka Kutafiti Maradhi ya Ubongo na Kwenu ni Chundwa

Mojawapo ya maswali yanayotumika duniani kupima kama mzee ameanza kupoteza kumbukumbu ni hili: daraja ni kitu gani? Limo katika kipimo kiitwacho CSI-D, kilichotungwa na kundi la Hugh Hendrie na Kathleen Hall wa Indianapolis, Marekani. Kilijaribiwa kwanza kwa Wakrii, wenyeji wa asili wa Manitoba nchini Kanada, kisha kikapelekwa Ibadan, Nigeria. Sasa mlete mwenye kuuliza swali hilo Chundwa, kisiwani Pate. Amkalishe bibi wa miaka 80 ambaye safari zake zote, za harusi, za tanzia na za hospitali, zimeanzia gati la Mtangawanda kwa chombo, kisha amuulize daraja ni nini. Bibi akisita, aandikiwe kwamba akili imeanza kumtoka?

Kipimo hicho hicho humtaka mtu ashike maneno matatu, mashua, nyumba na samaki, ayarudie baada ya muda. Kwa mtu wa Pate hayo ni maneno ya asubuhi na jioni. Kwa mtu aliyekulia mbali na bahari, mashua ni kitu cha kusikia. Uzito wa swali hubadilika kila linapovuka maji, na wa kuupima vizuri kuliko wote ni mtu aliyelelewa palepale, anayejua Kitikuu cha mabibi na sayansi ya ubongo kwa pamoja. Makala haya nayaandika kwa kijana anayetaka kuwa mtu huyo, na kwa wazazi watakaoombwa wamruhusu aondoke.

Kwanza ujue kazi yenyewe. Mtafiti wa maradhi haya huchunguza kwa nini seli za ubongo hudhoofika na kufa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Katika Alzheimer, protini mbili, amiloidi na tau, hujikusanya ubongoni na kumbukumbu hupotea. Katika Parkinson, hufa seli zinazotengeneza dopamini, na mtu hutetemeka, mwendo ukawa mzito, uso ukakosa mchezo. Mtafiti si lazima awe daktari, na daktari bingwa si lazima awe mtafiti. Daktari anamtazama mgonjwa aliyekaa mbele yake. Mtafiti anauliza wako wangapi, kwa nini hawa na si wale, na nini kingeweza kuzuiwa miaka 20 kabla.

Kwetu maradhi haya yapo, ila hayahesabiwi. Jirani wa karibu aliyehesabu ni wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Watafiti wa Tanzania na wenzao wa Newcastle, Uingereza, waliwachunguza karibu watu 1,200 wenye miaka 70 na zaidi, wakakuta kama 6.4 kati ya kila 100 wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Kabla ya hapo, katika eneo hilo hilo lenye watu wapatao 161,000, walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta Parkinson wakapata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Fikiria mtu ametetemeka miaka, na watu wa nyumbani wamemaliza maelezo yote waliyonayo: uzee, husuda, shetani. Hakuna aliyewatajia ugonjwa wenye dawa.

Na maelezo ya kubahatisha yana gharama. Kaunti ya Kilifi, si mbali nasi, wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Sisemi kila aliyetuhumiwa alikuwa mgonjwa. Mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba. Lakini mzee anayetembea usiku akizungumza peke yake, asiyewatambua wajukuu, ni mtu rahisi kutuhumiwa, na jamii inayojua kwamba huo ni ugonjwa ina neno la kumtetea.

Kosa ninaloliona kwa vijana wengi ni kuchagua nchi kabla ya kuchagua swali. Wanataka Uturuki, Uingereza au Marekani. Ukiwauliza wanakwenda kutafuta nini wanajibu "neuroscience" na kunyamaza. Anza na swali. Je, wavuvi waliozamia kwa miaka mingi wanazeeka vipi ubongoni? Mabibi waliosoma madrasa wakahifadhi Kurani, lakini hawakukanyaga shule, wapimwe elimu yao kwa kipimo gani? Swali hili la pili ni zito kuliko linavyoonekana. Elimu ya utotoni ni miongoni mwa mambo 14 ambayo tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2024 iliyataja kuwa yakirekebishwa yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Fomu nyingi za utafiti zinahesabu darasa la shule tu. Mtu aliyebeba msahafu mzima kifuani anaandikwa hana elimu. Hilo ni swali la shahada nzima ya uzamivu, na liko barazani kwenu.

Ukishapata swali, ndipo utajua upite mlango gani. Udaktari ni mrefu: miaka 6 ya shahada, mwaka wa mafunzo hospitalini, ubingwa wa magonjwa ya ndani, ndipo ubingwa wa mishipa ya fahamu. Uchague kama unapenda wagonjwa wenyewe, maana utakuwa nao kila siku. Maabara ni njia ya baiokemia, baiolojia ya molekuli au famasia. Mlango wa tatu ni wa watu na hesabu: saikolojia, takwimu, afya ya jamii, sayansi ya kompyuta. Huu ndio ninaoupendekeza kwa anayeanzia Chundwa na mfuko mwepesi. Vifaa vyake ni daftari, kompyuta moja na uvumilivu wa kukaa na wazee, na kutoka huko unaweza kuvuka baadaye kwenda maabara ukiwa tayari una jina.

Mfano upo pwani hii hii. Profesa Amina Abubakar alifanya kazi Kilifi kwa miaka mingi, akachukua uzamivu wake Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi, na alikuwa kiongozi wa waliotengeneza kipimo cha makuzi ya watoto kilichobeba jina la Kilifi, kwa sababu vipimo vilivyoletwa vilidai mtoto acheze na vitu ambavyo hajawahi kuviona. Leo anaongoza Taasisi ya Maendeleo ya Binadamu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan. Alichofanyiwa mtoto wa Kilifi, bibi wa Chundwa naye anakihitaji. Watu wa Hai wameshaonyesha inavyowezekana: kipimo chao kiitwacho IDEA humpa mzee njiti za kiberiti azipange kwa mfano aliooneshwa, badala ya kumpa kalamu achore, kwa kuwa wazee wengi hawajawahi kushika kalamu.

Shuleni shika hisabati kuliko kitu chochote. Biolojia na kemia ni lazima, fizikia inasaidia, lakini nimeona wengi wakikwama baadaye kwa kuogopa takwimu, na ni wachache waliokwama kwa kutojua majina ya sehemu za ubongo, hayo yanakaririwa. Kwa walio kwenye mtaala mpya, njia ya STEM ndiyo yenu. Kiingereza nacho kitakutesa, maana majarida yote yamo humo. Soma kurasa chache kila siku badala ya kungoja kozi. Kuna kitabu cha daktari William Howlett, aliyefundisha miaka mingi hospitali ya KCMC, Moshi, kiitwacho "Neurology in Africa". Kilitolewa mwaka 2012 na Chuo Kikuu cha Bergen kinakigawa bure mtandaoni. Kipakue ukiwa mjini Amu ambako mtandao una nguvu, ukisome nyumbani. Programu ya takwimu iitwayo R nayo ni bure. Aliyemaliza kidato cha nne na kuijua R kidogo ana kitu cha kumwonyesha mtafiti.

Usipate shida kwamba vyuo vyetu vingi havina shahada ya kwanza yenye jina la sayansi ya ubongo. Jina hilo utalipata kwenye shahada ya pili au uzamivu. Chukua shahada ya kwanza iliyo imara katika chuo ambacho basari ya kaunti na mkopo wa HELB vinakufikisha. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na mji huo huo ndiko uliko mradi wa KEMRI na Wellcome, ulioanza mwaka 1989 na unaofahamika duniani kwa utafiti wa malaria ya ubongo na kifafa. Ni watoto zaidi kuliko wazee, kweli, lakini kazi ya kuchunguza ubongo ni ile ile, na mafunzo ya vitendo wanatoa. Nairobi kuna Taasisi ya Ubongo na Akili ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, ambayo imeingia moja kwa moja katika uzee wa ubongo wa Mwafrika. Chama cha wanasayansi wa ubongo wa Afrika, SONA, kilianzishwa Nairobi mwaka 1993, na mikutano yake ndipo mahali pa kuwaona ana kwa ana watu uliowasoma. Shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo, IBRO, hulipia vijana wa Afrika wahudhurie kozi fupi. Na kwa aliyekwisha kufanya kazi miaka kadhaa, taasisi ya afya ya ubongo ya GBHI huchukua watu kwa mwaka mmoja Dublin au San Francisco, ikiwalipa posho. Huchukua madaktari, wauguzi, waandishi na hata wasanii.

Kwa anayeng'ang'ania maabara, sitamkataza. Asidhani tu kwamba lazima pawe na mashine za mamilioni. Mwaka 2000 watafiti wawili wa Marekani, Mel Feany na Welcome Bender, waliweka jeni ya binadamu inayohusika na Parkinson ndani ya inzi wadogo wa matunda. Inzi wakapoteza seli za dopamini, wakashindwa kupanda kuta za chupa. Inzi hao hula uji wa mahindi na sukari. Ndiyo maana kundi la TReND in Africa lilianza kozi zake za inzi katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, tawi la Ishaka, Uganda, na vijana kutoka nchi nyingi za Afrika wamepita hapo. Kenya nayo ina mnyama wake: fuko asiye na manyoya wa nchi kavu za kaskazini na mashariki. Ana ukubwa wa panya, anaishi zaidi ya miaka 30, na ubongo wake una amiloidi nyingi bila kuonyesha uharibifu wa Alzheimer. Profesa Titus Kanui wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa akitafiti maumivu kwa fuko huyo tangu miaka ya 1980. Maabara kubwa za ng'ambo sasa zinamfuga.

Barua ya kuomba nafasi niizungumzie kwa urefu, kwa sababu hapo ndipo wengi huanguka. Mtafiti mkubwa hupokea barua nyingi zenye maneno haya: nina ndoto tangu utotoni, naomba unifadhili. Hazijibiwi. Wewe soma makala moja ya mtu huyo mpaka mwisho, hata ikikuchukua wiki nzima na kamusi. Andika mistari 10. Wa kwanza useme wewe ni nani na uko wapi; taja Chundwa, taja kisiwa cha Pate, usijifiche nyuma ya "pwani ya Kenya". Kisha taja jambo moja katika makala yake ambalo halikukukalia sawa, kwa mfano walivyopima elimu. Kisha unachoweza kufanya leo: naongea Kitikuu, Kiamu na Kiswahili sanifu, natumia R, nimewahi kukusanya takwimu za kliniki. Halafu omba jambo dogo: dakika 20 za simu, au nafasi ya kujitolea mwezi mmoja. Mtu akiombwa dogo hutoa. Usipojibiwa baada ya wiki mbili, tuma tena kwa adabu ile ile, kisha nenda kwa mwingine. Waandikie pia wanafunzi wake wa uzamivu. Wao hujibu upesi na husema ukweli kuhusu bosi.

Fedha. Kutoka kidato cha nne mpaka kumaliza uzamivu hesabu miaka 12 au zaidi, na katikati kuna miaka ambayo wenzako wameshanunua boti na wameoa. Uzamivu usiulipie mwenyewe. Ufadhili kamili una ada, posho ya kuishi, gharama ya utafiti na nauli. Ukiambiwa umepata nafasi lakini posho utatafuta, bado hujapata. Tafuta DAAD ya Ujerumani, ambayo pia husomesha watu hapa hapa Afrika Mashariki, Jumuiya ya Madola, Chevening kwa shahada ya pili baada ya kufanya kazi, ufadhili wa serikali ya Uturuki, na ule wa Benki ya Maendeleo ya Kiislamu kwa jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama. Baada ya uzamivu utaishi kwa mikataba ya mwaka mmoja hadi mitatu inayofuata fedha za wafadhili. Mwaka 2025 Marekani ilipokata na kubadilisha taratibu za fedha zake za utafiti nje ya nchi, watu wenye shahada kubwa Afrika nzima walijikuta hawana mshahara. Jiwekee akiba ya miezi sita kila mkataba unapoanza, na usiegemee mfadhili mmoja.

Mzazi, hasa mzazi wa binti: hofu yako naielewa, na haiondoki kwa kuambiwa dunia imebadilika. Uliza mambo ya hakika. Atakaa wapi, na nani, nani wa kwetu yuko mji ule, mkataba unasema nini kuhusu likizo. Ongea na msimamizi wake kwa simu. Msimamizi mzuri hatakataa. Na ikiwa posa itakuja katikati ya masomo, masomo yazungumzwe mbele ya mashahidi kabla ya ndoa, yaandikwe. Jambo moja zaidi: utafiti wa wazee wa Kiislamu wa pwani, nusu yao wakiwa wanawake, hauwezi kufanywa vizuri na wanaume peke yao. Bibi hamwambii kijana wa kiume mgeni kwamba hujisahau akajikojolea. Atamwambia binti aliyekaa naye ukumbini.

Sasa kuhusu kazi yenyewe ukishaipata. Kwa miaka mingi uhakika wa Alzheimer ulipatikana kwa kuupasua ubongo baada ya kifo. Kwetu maiti huzikwa siku ile ile, na sikushauri mtafiti chipukizi aanzie hapo. Ndiyo maana vipimo vya damu ni habari kubwa kwetu kuliko kwa wengine. Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua dalili za Alzheimer ubongoni. Lakini damu ina masharti: izungushwe kwenye mashine ndani ya saa chache, igandishwe kwenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Ukipanga kuchukua damu Chundwa, panga kwanza maji. Chombo kikikwama katika mlango wa Mkanda kikingoja maji kujaa, sampuli za siku nzima zimeharibika, na kila sampuli ni sindano uliyomchoma mzee wa watu.

Zaidi ya hapo, jiulize utamwambia nini mtu kipimo kikionyesha ugonjwa. Dawa mpya ya Alzheimer, lecanemab, ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2023 ilitajwa bei ya dola 26,500 kwa mwaka, na mgonjwa huhitaji picha za MRI mara kwa mara. Mimi nasema usipime usichoweza kukifuatia. Lakini presha, kisukari, masikio yasiyosikia na mtoto wa jicho vinapimika, vinatibika, na vyote vimo katika yale mambo 14. Utafiti wako uanze na hivyo, ili mzee aliyekupa asubuhi yake aondoke na kitu mkononi.

Kibali cha tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, na cha kamati ya maadili ni sheria. Kibali cha wazee wa mji na imamu si sheria, ila bila hicho hutapata mtu. Ridhaa ya mtu aliyekwisha kupoteza kumbukumbu inahitaji mlezi wake na yeye mwenyewe pia. Akisukuma mkono wako, amekataa. Damu ikienda ng'ambo, mkataba useme inakwenda wapi, itatumika kwa nini, na jina lako liko wapi katika makala itakayotoka. Hili la majina si ubinafsi. Mwaka 2023 jeni ya GBA1 ilipogunduliwa kubeba tofauti inayoongeza hatari ya Parkinson kwa watu wa asili ya Afrika, tofauti ambayo tafiti za Ulaya hazikuwa zimeiona, Mie Rizig, pamoja na Njideka Okubadejo wa Nigeria, walikuwa mstari wa mbele, kwa sababu Waafrika walikuwa waulizaji na si watoa damu tu.

Utaulizwa pia kuhusu upupu. Ni kweli mbegu zake zina levodopa, ile ile inayotumika kutibu Parkinson, na watafiti kadhaa wameuchunguza kwa nchi ambazo vidonge ni ghali. Usimruhusu mtu kujipikia. Kiasi cha dawa hutofautiana mbegu kwa mbegu, na kikizidi huleta kichefuchefu, kushuka kwa presha na kuona yasiyokuwepo. Mpeleke hospitali ya Faza au King Fahd ya Lamu, mwambie daktari wazi kwamba umelisikia hilo.

Na ukiishia njiani? Wengi huishia, kwa sababu ya fedha, ndoa au uchovu, na ni vizuri kupanga tangu mwanzo. Mwenye shahada ya kwanza ya baiokemia huajiriwa maabara za hospitali akiongeza usajili wa taaluma hiyo. Mwenye shahada ya pili ya takwimu za afya anahitajika kaunti, wizara na mashirika. Aliyejifunza kupima kumbukumbu za wazee kwa Kitikuu atatafutwa na kila mradi utakaofika Lamu, hata kama hana uzamivu. Basi aweke bei yake kwa maandishi kabla ya kupanda chombo, na adai jina lake lichapishwe.